Siku Mashine Zilipozimwa: Maombi ya Mafundi na Vibarua wa Jengo Jipya la Halmashauri

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri. Viongozi mliofuatana naye. Meneja wa mradi. Wauguzi na majirani zetu: salamu kwenu nyote, na poleni kwa vumbi mlilolikanyaga kutufikia.

MAKARIBISHO

Karibu sana, mgeni rasmi. Tumekuomba usogee kwa sababu tunasoma kwa mdomo mtupu. Vipaza sauti vilivyoletwa asubuhi tumeomba vibaki kwenye gari. Nyuma ya ukuta huu kuna zahanati, na humo kina mama wanajifungua. Adabu hiyo hatukuzaliwa nayo. Tulifundishwa, na aliyetufundisha hayupo kwenye viti vya mbele. Turuhusu tueleze habari zake.

HISTORIA FUPI

Ujenzi ulianza kwa kishindo. Jenereta iliunguruma, nyundo ya umeme ikapasua mwamba, na majirani wakawa wanaongea kwa ishara. Ndipo akaletwa msimamizi mpya, mtu mfupi, mpole, aliyepanda ngazi huku akihema. Tulimpachika jina la Taratibu, na jina lilimkaa kwa maana zote mbili: hakuwa na papara, na aliheshimu taratibu za halmashauri kuhusu kelele kama mtu anavyoheshimu sala. Mashine haikuwashwa kabla ya saa iliyoruhusiwa. Jenereta ijengewe kibanda cha matofali, akasema, na ikajengewa. Siku ya kubomoa, majirani walipewa taarifa mapema. Alivuka hata barabara kwenda kwenye ukumbi wa sherehe, akaongea na mwenye ukumbi mpaka maspika yakageuzwa yakatazama ndani.

Meneja alimtania: "Taratibu, kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi."

"Kweli, bosi," akajibu, "ila jirani mlango si wake."

Tulicheka, na meneja naye akacheka.

Kisha ikafika siku ya kumwaga zege la ghorofa ya pili. Kazi hiyo, mgeni rasmi, ikianza haisimami. Zege likianza kukauka kabla ya jingine kulifuata, hayashikani tena. Kibali tulikuwa nacho, na saa zilikuwa za halali. Tulikuwa tumefika katikati ya sakafu mkunga wa zahanati alipoingia getini mbio, bila kofia ya usalama, gauni lake la kazi limelowa jasho.

Hatukumsikia. Tuliona midomo tu ikicheza. Taratibu akashuka, akamtegea sikio.

"Nina mama ana hali mbaya!" mkunga akapaza sauti. "Nikisikiliza tumboni nasikia mashine zenu tu. Moyo wa mtoto siusikii. Nipeni ukimya kidogo!"

"Kidogo kiasi gani, dada?"

"Sijui, kaka yangu. Mpaka nisikie."

Taratibu akatazama juu, kwenye zege bichi lililokuwa liking'aa. Alijua wazi anachokwenda kukipoteza. Sheria ilikuwa upande wake. Angeendelea, hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Akainua mikono yote miwili, akaipishanisha juu ya kichwa. Hiyo ndiyo ishara yetu ya kuzima.

Ukimya ulitushtua. Tulisikia maji yakidondoka kwenye ndoo. Tukamsikia mama yule akigumia upande wa pili, karibu kana kwamba alikuwa miongoni mwetu. Mwenzetu mmoja alibanwa na kikohozi, akajiziba mdomo kwa kofia.

Mkunga alisikia. Moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga kwa kusuasua, na kwa hilo, pamoja na hali ya mama, akajua kuna damu inayovuja ndani, isiyoonekana nje. Gari likaitwa, mama akakimbizwa hospitali kubwa. Mama alipona. Mtoto, mgeni rasmi, hakupona.

Upande mmoja wa sakafu uliharibika, ikabidi uvunjwe. Meneja alikuja amewaka.

"Kibali ulikuwa nacho! Na mtoto mwenyewe amekufa. Sasa huo ukimya wako umemsaidia nani?"

Taratibu alipoambiwa hana kazi tena, alituaga kwa mkono mmoja mmoja, mafundi kwa vibarua, akatoka.

Jibu lilikuja lenyewe baadaye. Mama yule, fundi cherehani wa mtaa huu huu, aliingia getini polepole akimwegemea mumewe. Walikuja kumshukuru Taratibu. Tulipomwambia ameondoka na kwa sababu gani, alikaa juu ya matofali, akalia.

"Nina wawili nyumbani," akasema. "Mwambieni wa tatu tumemzika. Lakini wale wawili bado wana mama."

MAFANIKIO

Baada ya siku ile tulimwendea meneja kwa pamoja, tukamwambia kazi itaendelea kwa njia ya Taratibu au haitaendelea. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: meneja alitusikiliza. Aliweka uzio wa mbao nzito upande wa zahanati. Tukakubaliana na mkunga kwamba akitundika kitambaa chekundu dirishani, tunazima, bila swali. Siku za zege anaambiwa kabla. Jengo limesimama, na hakuna jirani aliyelazimika kuleta malalamiko ofisini kwako.

CHANGAMOTO

Sheria inataja saa na viwango vya kelele, lakini haimlindi anayezima mashine ili kuokoa uhai. Kibali chetu kilitolewa bila mtu kwenda kuiuliza zahanati. Na kitambaa kikitundikwa, yule wa kwanza kuinua mikono hujiuliza kwanza wanawe watakula nini. Mpaka leo tunainua. Hatuwezi kukuahidi kwamba woga hautatushinda siku moja.

Taratibu sasa anafyatua matofali ya watu. Tulipompelekea salamu za fundi cherehani akauliza, "Ameweza kurudi kwenye cherehani?"

Tukamwambia ameanza.

"Basi vizuri," akasema, akainamia udongo wake.

MAOMBI

Tunaomba kibali cha kelele, kiwe cha ujenzi au cha sherehe, kisitolewe kabla zahanati, shule na wenye wagonjwa jirani hawajaulizwa. Tunaomba pia sheria iseme wazi kwamba asiadhibiwe mtu aliyezima mashine kwa ajili ya uhai wa mwenzake.

Ombi la mwisho ndilo lililotukosesha raha tangu tuliposikia unakuja. Tumeambiwa ujenzi wa jengo la pili utaanza karibuni. Tunaomba Taratibu awe msimamizi wake. Hakututuma; angejua, angetukataza. Sisi uwezo wetu ni wa kuomba tu. Wa kumrudisha unao wewe.

Mwenyezi Mungu akupe afya na moyo wa kusikia, awavushe salama kina mama walio nyuma ya ukuta huu, na amlaze pema mtoto ambaye hatukupata kuiona sura yake.

Ni sisi,
Mafundi na Vibarua wa Jengo Jipya la Halmashauri,
tuliopo hapa, na mmoja asiyekuwepo.