Ghala la Karanga Lililogeuka Wodi

Hospitali mpya ya binafsi ilifunguliwa ndani ya ghala la zamani la karanga, na kijiwe cha kahawa kilichokuwa mkabala nalo kikapata kazi ya kudumu: kulisema. Siku hiyo Hanifu, fundi cherehani, alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi. Stara mkewe alikuwa mle ndani, uchungu wa mimba ya kwanza umemkamata, na wanaume walizuiwa kuingia. Hanifu alipiga soga na wenzake ili asisikie moyo wake unavyodunda.

— Hospitali gani hiyo! alianza Matonya, karani wa ushirika uliokufa, uliokuwa na ghala hilo, ambaye mpaka leo huitwa Ushirika. Ukutani tuliandika "Weka Mahali Pakavu". Wamepaka chokaa weee, na bado yanasomeka!

— Na mizani ni ile ile ya magunia, akasema Hanifu. Stara kapandishwa juu yake, nimechungulia mlangoni nikaona kwa macho yangu.

— Karanga zimekuja juzi, akadakia Hassani, ambaye kwa kushinda na redio sikioni aliitwa Bibisii. Lile lilikuwa zizi la nyumbu wa Mjerumani.

— Ulimwona wapi Mjerumani wewe? akauliza Ushirika.

— Babu alikuwa akimlishia nyumbu.

— Si juzi babu yako alikuwa mpishi wa Mwingereza?

— Kwani mtu hafanyi kazi mbili? Tena chini ya sakafu kuna handaki mpaka stesheni. Mwenye hospitali mnadhani anatibu? Anachimba rupia za Mjerumani! Siku hizi kila kitu ruksa.

— Handaki! Ushirika akatema kahawa. Sakafu ile nimeikanyaga miaka kumi na mbili. Kulikuwa na panya tu, tena wanene kukushinda wewe.

Hanifu alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mara akatoka muuguzi, binti mgeni, akavuka barabara mbio.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba. Kaa, binti, upate historia.

— Nyie mko hapa kila siku. Daktari anakaa mtaa gani?

Bibisii akainamia redio yake. Ushirika akaanza kutaja mtaa wa Miyuji, akaacha.

— Kwani hayumo? akauliza Hanifu.

— Hajaonekana tangu jana, na mimi ndiyo kwanza nimeanza kazi leo. Kuna mama, mtoto amekaa vibaya tumboni. Anaitwa Stara.

Hanifu alishatoka mbio, kahawa imemwagika chini. Alipofika njia panda akasimama, akawageukia wale wajuzi wa mambo yote.

— Upande upi, jamani? Semeni! Upande upi?