Agneta Bora na haki isiyofutwa na kifo

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kizuka na Gatete, wanaushirika, nanyi mliotoka Uvira kuja kutushika mkono, amahoro, amani kwenu. Kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya shangazi yetu Agneta Bora, mwanamke aliyetumia miaka yake ya mwisho kupigania jambo moja, kwamba mwanaushirika akifariki, haki ya watoto wake isifutwe pamoja na jina lake.

Agneta alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kalundu, Uvira, mtoto wa tatu wa mzee Cirhuza na mama Nabintu, akasoma shule ya msingi na sekondari huko huko hadi mwaka 1989, kisha akaja Bujumbura kujifunza usekretari na utunzaji wa nyaraka, akapata diplome yake mwaka 1992. Tarehe 9 Agosti 1997 alifunga ndoa na Casimir, mwalimu wa hesabu, wakahamia Kizuka, wakapanda michikichi, wakajaliwa watoto wawili, Chanceline aliyezaliwa mwaka 1999 na Olivier aliyezaliwa mwaka 2003, ambao wameketi hapa mbele yenu.

Mwaka 2005 aliajiriwa na ushirika wetu wa wakulima wa mawese, ambao tayari alikuwa mwanachama wake, katika ofisi ya Rumonge iliyo karibu na ziwa, na mwaka 2014 akawa mkuu wa nyaraka, mtunzaji wa dosie, yaani mafaili ya wanachama. Rasha, fundi wa ordinateri, yaani kompyuta, aliyempenda kama dada yake, alizoea kumtania, "Da Agneta, ata karatasi ya sambusa utaiandikia tarehe?", naye hujibu, "Ya sambusa tupa leo leo, mafuta yake itachafua dosie za watu!", na ofisi nzima hucheka.

Ushirika ulikuwa na desturi ya huruma, kwamba familia ikishamaliza kilio, jina la marehemu linafutwa kwenye ordinateri pamoja na dosie yake, lisije likaitwa siku ya mgao wa mavuno na kuwaliza watu, na hakuna aliyeona ubaya, kwa kuwa kila Ijumaa Rasha alinakili kila kitu kwenye diski na kuipeleka Bujumbura, nasi tukaamini kwamba kilichonakiliwa kimetunzwa. Mwezi Aprili 2024 ziwa lilipanda, likaingia ofisini, likaharibu ordinateri na makabati ya karatasi, lakini Rasha alileta diski, kazi ikarudi kama ilivyokuwa Ijumaa iliyotangulia, watu wakapiga vigelegele, na walikuwa na sababu ya kufurahi.

Wiki chache baadaye alikuja mama Pascasie wa Gatete, mjane, ambaye shamba lake la michikichi lilikuwa limechukuliwa na mtu aliyedai kuwa ni lake, akaomba dosie ya mume wake aliyefariki mwaka 2019, ikatafutwa, ikakosekana, maana karatasi ziliharibiwa na ziwa, jina lilifutwa baada ya kilio, na diski ile, ambayo kila Ijumaa iliandikwa upya juu ya nakala ya zamani, ilikuwa imenakili kwa uaminifu pengo lenyewe. Mkutanoni Radjabu, prezida wa ushirika, aliuliza kwa uchungu, "Sasa mama, si tulikuwa na sauvegarde, zile nakala za Rasha?", naye Agneta akasimama, akasema, "Tulikuwa nayo, Prezida, na ilitusaidia, ile inaturudishia kazi ya juzi tukipata ajali, lakini haijui ni mutu gani tunapaswa kumutunza miaka makumi tatu, hiyo ni sisi tunaamua."

Alizunguka na Pascasie kwa wakulima wote waliopakana na shamba lile, wakatoa ushahidi, na mwezi Novemba mjane yule alirudishiwa michikichi yake, ingawa mavuno ya msimu yalikuwa yameshaliwa na mwingine.

Agneta hakuishia hapo, aliandika kanuni, kwamba dosie ya mwanachama itunzwe miaka thelathini baada ya kifo chake, mahali ambapo mtu mmoja peke yake hawezi kuifuta, kisha ichomwe mbele ya mashahidi, karatasi za mizani ya mavuno zitunzwe miaka kumi, vyeti vya ugonjwa vya wafanyakazi navyo viharibiwe mbele ya mashahidi, ila mapema zaidi, kwa sababu kutunza kwake hakukuwa kulundika, na diski ya Rasha iendelee na kazi yake ya kila Ijumaa. Mkutano mkuu ulizipitisha tarehe 15 Machi 2025, kwa mikono iliyoinuliwa juu.

Mwezi Julai mwaka huo alianza kuumwa tumbo, akagunduliwa saratani ya ini, akatibiwa Bujumbura, na asubuhi ya tarehe 11 Januari 2026 akatutoka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Casimir.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mlioleta kuni, mihogo na ndagala, na wanaushirika mliobeba jeneza, murakoze sana. Kwenu wanaushirika familia ina ombi, kwamba tutakapomaliza kilio kuna mkono utakaotaka kumfuta kwa mapenzi, tunauomba utulie. Siku ya mgao msiliite jina lake, tutalia, lakini dosie yake iacheni mahali pake mpaka mwaka 2056, na mwaka huo ukifika, ichomeni mbele ya mashahidi bila woga, kama alivyoagiza.

Pumzika sasa, Agneta wa Cirhuza, amani ya Mungu ikufunike.