Kilo Nne za Fundi Saa

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, mguu wake wa nne ni tofali, ubavuni mwa kibanda cha Chuma, mnunuzi wa vyuma chakavu. Kahawa anachemsha yeye, na ladha yake mnaijua: kutu na ukarimu. Ukutani kuna namba za chaki: 61, 61, 62, 63, 65. Si kilo za vyuma. Ni za Fundi Saa, aliyetoka hospitali juzijuzi, mara ya tatu mwaka huu, moyo umechoka, na karatasi inayomtaka ajipime uzito kila asubuhi. Yeye hana mizani, sisi tunayo. Anapanda pale palipolala betri za magari, mimi naandika, na kilo zikiongezeka tunampigia makofi. Juzi hakuja. Jana hakuja. Leo kikombe chake kimefunikwa na kisosi, kinapoa peke yake.

— Ameoa, alisema Kinyozi, mwenzetu wa benchi.

— Fundi Saa? Chuma alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Mtu anayepanda ngazi tatu akaomba kiti?

— Wiki iliyopita alikuja na ndara. Miaka tisa namjua kwa viatu vya kamba! Mwanamume akianza kushinda na ndara, ujue kuna mtu nyumbani anamwambia "pumzika, mume wangu."

— Alisema viatu vinambana, akajibu Chuma.

— Viatu vya miaka tisa ndiyo vianze kubana leo?

— Aliniambia pia siku hizi analala ameketi kwenye kiti, nikasema.

— Si unaona! Kitanda kampa mke!

Chuma akatikisa kichwa.

— Hakuna ndoa hapo. Hospitali wamemwajiri. Saa ya wodi ya wanaume imesimama saa nne tangu mwaka juzi. Wamechoka kumtibu, wameamua wamtumie.

— Mnakosea wote, nikasema. Wamemwekea moyo mpya, na ule wa zamani kaomba arudishiwe, auchokonoe mwenyewe aone springi gani imelegea.

Tulicheka. Kicheko kikaisha mapema, macho yote yakaenda kwenye kisosi.

Ndipo akaja binti mmoja, sare ya nesi, viatu vimejaa vumbi, faili kwapani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Keti.

— Sikai, baba. Natoka wodi ya moyo. Zamani tulimpa mgonjwa karatasi na kwaheri, akarudi amebebwa. Sasa tunawapigia simu siku ya saba, na asiyepatikana tunamfuata. Huyu fundi simu yake imezimwa. Kwenye nafasi ya ndugu wa karibu ameandika: wenzangu wa kijiweni, kwa Chuma.

Kinyozi alivua kofia.

Binti akaona ukuta.

— Hizi namba ni zake?

— Zake, nikasema kwa majivuno. Kilo nne kwa siku tano! Chakula kimemkubali.

Hakucheka.

— Karatasi ilisema akiongeza kilo mbili arudi siku hiyohiyo.

Karatasi tuliisoma hadi palipotajwa mizani. Hapo tukafurahi kwamba tunayo, tukaikunja.

— Huo si mwili, baba. Ni maji. Moyo hausukumi vizuri, maji yanabaki ndani. Miguu yake imevimba?

— Alikuja na ndara, Kinyozi akanong'ona.

— Anaweza kulala chali?

Chuma alikuwa anafuta mizani kwa kiganja, mahali palipokuwa safi tayari.

— Bado anaweza kusaidika, mkinipeleka sasa hivi. Gari lipo pale barabarani. Anaishi nyumba ipi?

Tukainuka wote watatu, benchi likapinduka. Miaka tisa. Fundi Saa alikuwa akifika kabla yetu na kuondoka baada yetu. Hatukuwahi kumwona akitoka mahali, wala akienda mahali. Lakini binti alikuwa anasubiri, na sisi ndio ndugu wa karibu, imeandikwa. Tukanyoosha vidole kwa pamoja, kama watu wanaojua.

Vidole vitatu. Njia tatu.