Nikodemu Fulgensi, Mkuza Minyoo ya Ng'ombe

Ndugu waombolezaji, marehemu Nikodemu Fulgensi alizaliwa Uchindile tarehe 6 Desemba 1919, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Fulgensi na mama Serafina. Mama alifariki Nikodemu akiwa bado ananyonya. Aliyembeba mgongoni na kumtafunia chakula ni kaka yake, Donati, mtoto wa miaka tisa tu.

Mwaka 1930 alipelekwa kwa shangazi yake Kibaoni, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Kisha akalima mpunga. Mwaka 1943 alimwoa Apolonia, wakajenga Lipangalala.

Februari 1952 aliajiriwa katika maabara ndogo ya mifugo. Kazi yake ilikuwa kukuza minyoo ya ng'ombe nje ya tumbo la ng'ombe, ili dawa zijaribiwe kwenye chupa kabla ya kupewa mnyama. Alichanganya kinyesi na unga wa mkaa, akasubiri wiki nzima mayai yaanguliwe, kisha akawahamishia minyoo wachanga kwenye supu ya maini, ndani ya sanduku lililopashwa joto kwa taa ya mafuta. Miaka mitatu chupa zilikuwa zikioza. Alimwaga, akaosha, akaanza upya. Agosti 1955 minyoo wakaishi siku ishirini na tatu, wakakomaa. Siku hiyo alirudi nyumbani mapema, akamwambia mkewe:

"Mama Natalia, wamekua."

"Hongera, baba. Ila usiniletee wajukuu hapa."

Lakini mtaani ikasemwa kwamba Nikodemu anafuga minyoo awatie watu matumboni. Msibani, arusini, akinawa tu, wenzake wanatoa mikono kwenye bakuli. Siku moja Donati naye akamwuliza mbele ya watu:

"Mdogo wangu, mkono huo ndio unaolisha minyoo?"

"Ndiyo, kaka. Nauosha kwa sabuni na dawa."

"Basi mimi nimeshashiba."

Tangu hapo marehemu alikula peke yake, pembeni. Mkewe alimsihi aache kazi. Akasema, "Nikiacha, watajua kweli ulikuwa uchawi." Hakuacha. Wala hakukosa msiba wa mtu hata mmoja.

Novemba 1958 aliugua figo, miguu ikavimba. Alhamisi iliyopita, tarehe 12 Machi, Donati alikuja kumwona. Marehemu alimwamkia shikamoo akiwa amelala. Apolonia akaleta wali na samaki, na mgonjwa akalisogeza bakuli kwa mkono wake.

"Kaka, karibu tule."

Donati aliutazama ule mkono. "Nitakula Jumapili, nikitoka misa."

"Haya, kaka. Jumapili."

Mgonjwa akala matonge mawili, akaomba bakuli lifunikwe. Alifariki jana, Jumamosi tarehe 14 Machi 1959, saa kumi na moja alfajiri.

Maneno haya yamesomwa kwa ombi la Donati mwenyewe, naye alikataza yasipunguzwe.

Marehemu ameacha mjane, Apolonia. Watoto watatu, Natalia, Evaristo na Scolastica. Na kaka yake, Donati, ambaye leo ametoka misa akaja moja kwa moja, kama alivyoahidi.

Mungu ampokee Nikodemu, ampumzishe kwa amani.