Kiti cha Saba

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao nje ya duka la kinyozi, na asubuhi hiyo lilikuwa limeelemea upande mmoja, kwa sababu wote walijibana pale ambapo gari lilionekana vizuri. Lilikuwa la Mzee Cherehani. Miaka arobaini alishona viti vya magari ya watu, na sasa ameletewa la kwake: jipya, la petroli, viti saba, si la mabosi wala la kina yahe, limeundwa ng'ambo ili liuzwe nchi za nje. Watoto wake sita ndio waliochanga. Siku hiyo wote wangefika, wapande na baba yao, waende kulizuru kaburi la mama yao.

— Hebu niambieni, kwa nini saba? Bomba, fundi wa mabomba, ndiye aliyechokoza. Si sita, si nane?

— Viwili vya nyuma ni vya wakwe, alisema Kinyozi. Ukimsema mkwe huku mbele, hasikii.

— Acha zako! Kiwandani wametuhesabu. Kwao nyumba ina mtoto mmoja, saba watawatoa wapi? Wametuchungulia kwenye simu, wakaona tumejazana, wakasema hawa tuwaundie la kwao.

— Wamekuchungulia wewe na wake zako wa siri.

Mzee Cherehani alicheka, ila kicheko hakikufika mbali.

— Langu la zamani lilikuwa na viti vitano, alisema. Tulipanda wanane.

— Wanane!

— Mama yao mbele, kawapakata mapacha. Binti yangu wa kwanza nyuma dirishani, kampakata kitindamimba. Safari nzima mtoto kalala, mate yanamtiririkia dada yake begani, dada mtu hasemi kitu. Nilikuwa nikiwaona kwenye kioo, moyo wangu kwatu.

Siku hizo alizililia kuliko ujana wake. Dada na mdogo wake huyo hawakusemeshana tangu mazishi ya mama yao: mmoja alichelewa kufika, mwingine akamtolea neno mbele za watu, basi, miaka sita.

— Hili la viti saba, kila mtu na chake, na mkanda wake, alisema. Wataenda na kurudi bila kugusana.

— Sasa?

— Sasa jana nimefungua kimoja cha nyuma. Nati nne tu.

Bomba almanusura apaliwe na kahawa.

— Umeng'oa kiti cha gari jipya?

— Wapakatane.

— Mzee, kitindamimba wako ana kilo mia na ndevu! Dada yake atampakata au atazikwa?

— Basi wabanane. Huwezi kumnunia mtu aliyekukalia mapajani.

— Kumbe ndiyo dawa! Kinyozi alipiga paja. Hata bungeni wang'oe nusu ya viti, waheshimiwa wapakatane!

Walicheka hadi benchi likalia, na Mzee Cherehani akacheka kuwashinda wote.

Ndipo likatokea jitu refu lenye begi begani. Kitindamimba huyo, amewatangulia wenzake. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, akalizunguka gari taratibu akilipapasa, akafungua mlango wa nyuma na kuchungulia. Midomo yake ilicheza, akihesabu. Akahesabu tena.

— Baba, alisema kwa sauti ya chini. Viti ni sita. Ni mimi nisiyekwenda?

Bomba aliangalia viatu vyake. Kinyozi alikumbuka kuwa ana mteja, ingawa dukani hamkuwa na mtu. Mzee Cherehani alifungua mdomo, lakini yale maneno yaliyokuwa matamu sana pale kijiweni hayakutoka hata moja, na mwanawe alikuwa bado ameshika mlango, akingoja.