Mzee Makokha Anastaafu Kufa

Tarehe thelathini Juni, Mzee Absalom Makokha atarudisha funguo za gari la Mwamba Filamu hapa Kitale, baada ya miaka ishirini na moja ya utumishi. Barua yake ya ajira inasema aliletwa kuwa dereva na mtunza vifaa. Haidanganyi, ila haijui mengi. Kila mwenye runinga kuanzia mji wa Kwanza hadi Bungoma anamfahamu kwa kazi nyingine: yeye ndiye maiti wetu.

Kwa wageni mnaosoma wasifu huu mkingoja chakula, kampuni yetu hutengeneza kipindi cha *Tuliponea*. Huwa tunawaendea watu walionusurika mikasa, iwe kisima kilichobomoka, mto uliofurika au nyumba iliyoungua, tunaigiza upya yaliyowapata, na mara nyingi wenyewe ndio hujiigiza. Walionusurika hawajawahi kutupa shida. Shida ni wale ambao hawakunusurika. Nani atalala mahali pao?

Tuliikuta shida hiyo katika kipindi cha kwanza kabisa, kule Kwanza, ambako wachimba kisima wawili walifukiwa na mmoja tu akatolewa akipumua. Kijana aitwaye Kiptum alikubali kulala awe yule wa pili. Hata hatujamaliza kumpaka udongo, mama yake alichomoka kwenye mahindi na fimbo mkononi, akitaka kujua ni nani anayemfunza mwanawe kulala kaburini. Kiptum alifufuka, akatimua mbio. Sisi tulibaki pale na kamera zetu, jua linashuka, mpaka dereva alipovua viatu, akashuka shimoni na kulala.

Tulipomuuliza kama haogopi, alijibu, "Mimi ni Makokha, bana. Kifo kilishanikataa." Wasiojua wajue: ndugu zake waliomtangulia walikufa wangali wachanga. Yeye alipozaliwa, nyanya yake alimbeba akamlaza kwenye jaa la majivu kama takataka, ili kifo kimpite kisimtamani, na jina Makokha, yaani jaa, likamfuata. Mzee aliishi akiamini kwamba ana kinga. Mkewe, Mama Roselyne, hakuamini hata kidogo. Kila Mzee alipotoka kufa kwetu, alikuta ndoo ya maji na kipande cha sabuni nje ya lango, na hakuruhusiwa kuvuka kabla ya kuoga tangu utosini hadi unyayoni.

Vituko havikukosekana. Sokoni Kwanza, mwanamke mmoja aliyemwona akichagua nyanya alitupa beseni na kukimbia, maana wiki hiyo alikuwa amemlilia kwenye runinga. Siku nyingine, karibu na Lugulu, Mzee alipiga chafya chini ya shuka wakati mchungaji wetu wa kuigiza akimwombea. Waombolezaji tuliowakodi walitawanyika, na tukapoteza nusu siku tukiwasaka vichakani.

Lakini tusicheke sana. Kabla ya kulala, Mzee alikuwa na desturi ya kuwaendea wafiwa peke yake, kofia mkononi, na kuwauliza: alilala upande gani? Mkono ulikuwa wapi? Macho yalikuwa yamefumbwa? Nimewaona watu wazima wakimpanga vidole, kimoja baada ya kingine. Baba mmoja aliyepoteza mwana alimshika kidevu akasema shingo ilikuwa imegeuka zaidi, akaigeuza, akasema, "Sasa ni yeye," kisha akaketi kando ya maiti wetu akakataa kuondoka. Mimi ni fundi wa sauti na hedifoni zangu hunasa kila pumzi. Mzee akilala, pumzi yake ilififia mpaka nikaogopa. Sijaizoea hadi leo.

Halafu ikaja Sirisia. Mama Rispah, ambaye leo tuko naye ukumbini, ameniruhusu niyaandike haya. Amesema hana tena la kuficha.

Alasiri moja ya mvua kubwa, mto ulishuka kutoka mlimani ukiwa na magogo na mizoga ya ng'ombe. Mama Rispah, mumewe Mukhwana na binti yao Nabwile walipanda juu ya bati la kinu cha kusagia mahindi. Majirani waliokuwa ng'ambo waliunganisha kamba za kufungia ng'ombe wakamrushia Mukhwana. Alimfunga mtoto kwanza, akavutwa. Akamfunga mkewe, akavutwa. Mama Rispah alipofika nchi kavu hakuketi. Alishika kamba pamoja na majirani ili wamvute mumewe, ambaye tayari alikuwa majini. Maji yakaja kwa kishindo. Kijiji kizima kilisema kamba ilikatika. Mukhwana hakuonekana tena, ingawa watu waliufuata mto hadi mpakani. Mwishowe ukoo ulifanya kama ambavyo hufanywa mwili usipopatikana: ulikata mgomba, ukaufunika kwa shati lake, ukauzika badala yake.

Mwongozaji wetu, Hillary, ni mtu wa ukweli. Kipindi chake hakiongezi wala hakipunguzi, kwa hiyo iliandikwa hivyo: kamba inakatika, mgomba unazikwa. Mzee, kama mtunza vifaa, aliikata kamba nusu kwa kisu ili ikatike kwa wakati wake, nayo ikakatika vizuri mbele ya kamera. Mama Rispah, aliyekuwa akijiigiza, aliikodolea macho kwa muda mrefu ncha ile iliyokatika.

Kesho yake ilikuwa zamu ya mazishi. Tulimpa udongo autupe juu ya mgomba. Aliumwaga chini.

"Sitazika ndizi mara ya pili," alisema. "Si nyinyi mko na mtu wa kulala? Basi mlete yeye."

Hillary alimweleza kwa upole kwamba hayo hayakutokea. Shemeji mkubwa wa Mama Rispah alikuwa mkali zaidi. Tangu mafuriko yale alikuwa akitangaza kwamba mwanamke huyu ana mkosi, na kwamba shamba la marehemu lirudi kwa ukoo. Alisema mtu hazikwi mara mbili, na kwamba ana shaka na mjane anayechukia kaburi la mumewe. Kila mtu pale alielewa anakoelekea. Mama huyu alikuwa anatafutiwa kosa moja tu afukuzwe yeye na bintiye.

Mzee alivua kofia akamwendea. Mara hii hakuweza kuuliza marehemu alilala vipi, maana hakuna aliyemwona. Alimuuliza, "Ungetaka alale namna gani, mama?" Akajibiwa: ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu, vile alikuwa analala nyumbani. Mzee alilala hivyo kwenye mkeka, nyuma ya nyumba, mbali na macho ya shemeji. Hillary alishindwa kukataa. Akaacha kamera moja, yeye na mimi tu.

Mama Rispah alimpangusa uso kwa kitambaa cha maji. Akamfunika miguu. Kisha akainama karibu na sikio lake, na mimi nikasikia kila neno.

"Baba Nabwile, kamba haikukatika. Ni mimi niliachilia. Mikono ilishikwa na baridi nikaachilia, na wewe ulikuwa unaniangalia tu."

Alisema na mengine, na hayo nitayaacha kwake. Alikaa pale hadi machozi yakamkauka, na Mzee hakutikisika. Mama alipoinuka ndipo tulipoona kwamba mkeka ulikuwa umewekwa kwenye njia ya siafu. Walikuwa wamemjaa Mzee shingoni na mgongoni, na niliwabandua mmoja mmoja, vichwa vingine vikibaki vimeng'ata ngozi. Nilimgombeza kwa nini hakuinuka. Alisema, "Alikuwa hajamaliza."

Hillary si mtu mbaya, na leo ndiye atakayekata keki. Lakini aliporudia kusikiliza kanda ile tukiwa Kitale, aliona kwamba huu ndio ukweli alioufuatilia miaka yote, na akataka kuurusha hewani. Nilimwambia afute, hakunisikia. Mzee aliweka funguo za gari mezani. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, ana watoto chuoni, na alijua vizuri anachohatarisha. "Huo mwili ni wangu," alisema, "na mimi nimekataa." Hillary, kwa hasira, alimwambia madereva wako wengi. Mzee akajibu, "Dereva utapata. Maiti je?"

Leo twaweza kutania kwamba ni mara ya kwanza nchini maiti kugoma. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Hillary alitoka nje, akarudi baada ya muda, akamrudishia funguo. Kanda ikafutwa.

Kabla ya kipindi kwenda hewani, huwa tunawaonyesha wenyewe kwanza. Tulitundika shuka katika ukumbi wa kanisa Sirisia, na kijiji kikaja, shemeji akaketi mstari wa mbele. Picha ilipofika pale kamba inapokatika, Mama Rispah alisimama.

"Zima," alisema. Mzee, aliyekuwa kwenye projekta, alizima papo hapo.

Akayasema mbele ya wote, yale yale aliyoyasema mkekani, kwa sauti ambayo haikuhitaji maikrofoni yangu. Alisema amechoka kuona kamba ikisingiziwa. Shemeji aliinuka akawageukia watu: mmesikia wenyewe, ndiye aliyemuua ndugu yangu. Niliona Nabwile akimshika mama yake sketi. Nilidhani yamekwisha, na nilimlaani Hillary moyoni, nikamlaani Mukhwana kwa kufa, nikajilaani mwenyewe kwa kubeba mitambo hadi pale.

Ndipo jirani yao, Mzee Wekoye, aliponyanyuka polepole akishikilia benchi. Siku ya mafuriko alikuwa wa kwanza kwenye kamba.

"Huyu mama alikuwa nyuma yangu," alisema. "Angeachilia peke yake, mimi ningebaki na kamba. Sikubaki nayo. Hata mimi niliachilia. Nilikuwa nafikiria ni mimi tu."

Mwanamke mmoja upande wa dirisha alianza kulia, akasema hata yeye. Mwanamume mwingine aliinua mkono tu kama mwanafunzi. Wengine walitazama sakafu. Kumbe kila aliyeishika kamba ile alikwenda nyumbani akiwa na siri moja, kila mmoja na yake, na wote walikuwa wamekubaliana kwamba ilikatika bila hata kuambiana. Shemeji alitoka nje. Hajamsalimia Mama Rispah hadi leo, ila shamba hajaligusa, kwa maana angelazimika kufukuza nusu ya kijiji.

Hillary aliomba turudie picha ya kamba, safari hii kama ilivyokuwa. Wenyewe walikubali. Walisimama ukingoni, wale wale, Mzee Wekoye mbele na Mama Rispah nyuma yake. Mzee Makokha aliingia mtoni mahali pa Mukhwana, maji yakimfika kifuani, na kamba ya pili ya usalama tumeifunga kwenye gari. Kazi yao ilikuwa ndogo: Hillary akipaza sauti, waachilie.

"Achilieni!"

Hakuna aliyeachilia. Hillary alidhani hawakusikia, akarudia, akapunga na mikono. Walizidi kuvuta. Mzee, aliyekwisha kulegeza mwili tayari kuchukuliwa na maji, alijikuta anarudi ukingoni kinyumenyume. Walimvuta akatoka majini, wakamvuta juu ya matope, wakamvuta hadi kwenye majani makavu, na Mama Rispah alikuwa bado anavuta huku kichwa cha Mzee kikiwa kimefika miguuni pake na viganja vyake mwenyewe vinatoka damu. Tulilazimika kumfungua vidole. Mzee alilala chali akikohoa, akasema kwa sauti ndogo, "Niko hapa, mama. Nimefika."

Hatukuirudia picha ile. Katika kipindi mlichokiona, kamba inaingia majini, kisha kiza. Mukhwana hajapatikana, na hatutarajii kwamba atapatikana.

Mzee Absalom, kwa niaba ya Hillary, ya wafanyakazi wote wa Mwamba Filamu, na ya familia nyingi ambazo wapendwa wao uliwalalia, pokea shukrani zetu. Mama Roselyne, tunakurudishia mume akiwa mzima, kasoro makovu machache ya siafu. Umetufia vya kutosha, mzee wetu. Sasa tunakutakia uhai, uwe mrefu na mtamu.

Shamira Ubaid
Fundi wa sauti, kwa niaba ya wenzake