Kadi ya Njano Dirishani kwa Mama Ozella

Mchungaji, ndugu, jamaa na majirani wa Delmar Flats, familia imenituma mimi, Verlene, niwasomee maisha ya mama yetu, na naomba mnivumilie kwa sauti yangu ndogo, waliokulia mtaa huu wanajua kwamba hatukufundishwa nyingine.

Mama yetu, Ozella Guidry, alizaliwa tarehe 11 Machi 1918 kando ya mji wa Opelousas, Louisiana, mtoto wa mwisho wa mzee Auguste Batiste na mkewe Philomene, waliolima pamba katika shamba lisilo lao. Alisoma shule ya kanisa kuanzia mwaka 1925, miezi minne tu kila mwaka, kwa kuwa miezi mingine pamba ilimsubiri, akaishia darasa la saba. Mara mbili akiwa mdogo alishuhudia mwenye shamba akitupa vyombo vyao nje, na tangu hapo hakuwahi kukaa ndani ya nyumba yoyote bila kusikiliza mlango.

Tarehe 4 Juni 1938 alifunga ndoa na Lucius Guidry, mtu wa maneno mengi na mzaha, ambaye ndiye aliyesikia kwamba California wanatafutwa watu wa kujenga meli za vita, wakapanda treni, wakafika hapa Januari 1943. Serikali ilikuwa imeusimamisha mtaa huu kwa wiki chache, kwa mbao mbichi, nyumba zote sura moja, hivi kwamba wiki ya kwanza mzee Lucius alitoka kazini akaingia kwa watu, akavua viatu, akaketi mezani na kuulizia chakula, kabla hajagundua kwamba mke yule si wake.

Mama alijifunza kuchomelea vyuma, akapangiwa zamu ya usiku, na ofisi ya nyumba ikampa kadi ya njano ya kutundika dirishani, imeandikwa: "Mtu wa zamu ya usiku amelala. Usibishe hodi." Wazee mliopo hapa mnakumbuka heshima ya kadi ile, kwamba mchana watoto walicheza kwa kunong'ona, muuza maziwa alitembea kwa ncha za vidole, na aliyebisha penye kadi alisemwa mtaa mzima, maana kila mtu alijua mchomeleaji mwenye usingizi ni hatari kwa wenzake.

Mungu hakuwajalia mtoto wa kuzaa, lakini Novemba 1944 dada yake mama, Clemmie, alifariki huko Louisiana, akaacha watoto wawili, Raymond wa miaka mitatu na anayewasomea hapa, wa miaka sita, nao wakatuchukua bila kumwuliza mtu. Hapo ndipo hofu ilipoanza, kwa sababu nyumba namba 14 ilikuwa ya watu wawili tu, aliyekutwa na watu wa ziada alitolewa yeye na mizigo yake, na mkaguzi, bwana Harold Stroud, alipita kila Alhamisi mchana na daftari lake. Mama akawa anatundika kadi, sisi tunaingia chini ya kitanda, na bwana Stroud, ambaye naye alifanya zamu ya usiku mpaka bamba la chuma lilipomvunja mguu, anaisoma, anaandika kitu, anaondoka akichechemea.

Vita vikaisha Agosti 1945, mwezi uliofuata wote wawili wakaachishwa kazi, na tangazo likatoka kwamba asiye na kazi kwenye meli aondoke ndani ya siku thelathini. Kadi ilibaki dirishani.

"Ozella, meli zenyewe hazijengwi tena," mzee Lucius alimwambia, "huyo mtu wa zamu ya usiku anatoka zamu gani?"

"Akitaka kujua na abishe," mama alijibu.

Alhamisi ya tarehe 18 Oktoba 1945, Raymond akiwa na kifaduro, bwana Stroud alifika dirishani wakati kikohozi kimepamba moto. Mama aliingia na mtoto chini ya kitanda, akamkumbatia uso ukiwa kifuani kwake ili kuizima ile sauti, mpaka alipoona mtoto anakosa pumzi ikabidi amwachie, naye Raymond akakohoa nyumba nzima ikasikia.

"Mama Guidry," bwana Stroud alisema taratibu, mdomo karibu na kioo, "huyo mtu wako wa zamu ana kifua kibaya. Mpe asali na kitunguu." Kisha akaondoka, bila kusema kama ataandika au hataandika.

Mama aliishi roho juu kwa miaka kumi, sanduku la nguo likiwa limefungwa mlangoni, huku akifagia na kupiga deki shule ya mtaa, na huku safu nyingine za nyumba zikibomolewa moja moja mbele ya macho yake. Mwaka 1955 wapangaji wa safu yetu waliruhusiwa kununua nyumba zao, mama akaenda ofisini kutia sahihi, wakamwonyesha daftari la marehemu Stroud, na kwenye namba 14, Alhamisi baada ya Alhamisi, alikuwa ameandika neno moja tu: "Wamelala." Alilia pale pale ofisini, akarudi nyumbani akafungua sanduku. Kadi hakuitoa.

Mzee Lucius alitangulia tarehe 2 Februari 1971. Mama alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 1989, akatibiwa, akapata nafuu, na kila alipojilaza alitundika kadi yake, tukimcheka.

Jumanne tarehe 13 Septemba mwaka huu wa 1994, jirani yetu, Mama Pruitt, alimletea pai ya pichi, akaiona kadi, akarudi na pai yake bila kubisha. Jumatano akaja tena, akarudi tena. Alhamisi Raymond alifungua kwa ufunguo wake akamkuta kitandani, amekwisha kutuacha.

Mama Pruitt, tunajua tangu siku ile huli. Daktari ametuambia kwamba mama alifariki Jumanne alfajiri, kabla hujawasha jiko lako, na hodi yako isingemrudisha. Ulifanya alivyowaomba nyote kwa miaka hamsini na moja, na mimi na Raymond tulikulia ndani ya ukimya huo, mkijua tupo wangapi, na hakuna aliyesema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu moyo, walimu na wafanyakazi wenzake wa shule, kanisa, na majirani wote wa safu hii. Kadi ya njano tumeiweka kifuani pake.

Lala sasa, mama, hakuna atakayebisha.